Mishamo na Kigoma: Nini Humfanya Mgeni Atulie?

Mwaka 1972 Warundi wapatao 150,000 walikimbia mauaji ambayo wao wenyewe huyaita ikiza, na wengi wao waliingia Tanzania. Kwa sehemu kubwa walikuwa wakulima wa Kihutu. Karibu kila ukoo ulikuwa umepoteza mtu, na aghalabu aliyepotea alikuwa ndiye msomi wao: mwalimu, karani au mwanafunzi wa sekondari, kwa kuwa hao ndio waliosakwa kwanza. Walifika Tanzania na jeraha moja. Miaka 13 baadaye jeraha hilohilo lilikuwa limezaa watu wa namna mbili.

Aliyelionyesha hilo kwa undani ni mwanaanthropolojia Liisa Malkki. Alifanya utafiti wake mwaka 1985 na 1986, akauchapisha mwaka 1995 katika kitabu kiitwacho Purity and Exile. Alikaa na wakimbizi wa Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 katika misitu ya miombo ya Mpanda. Kisha akaenda kwa wenzao ambao hawakukaa makazini, waliojipenyeza mjini Kigoma, wakapanga vyumba na kuhangaikia riziki kama wakazi wengine wa mji. Ulinganisho wake haukuwa jaribio kamili la kisayansi, maana huenda waliokwenda mjini tangu awali walikuwa na jamaa au ujuzi ambao wengine hawakuwa nao. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kinachotokea ndani ya nafsi ya mtu aliyehamia nchi ya watu hatapata mahali pazuri zaidi pa kuanzia.

Mishamo ilipangwa kwa vipimo. Vijiji vilipangwa kufuata barabara, na kila kaya ilipewa shamba lake. Juu ya wote alikuwapo mkuu wa makazi, na kutoka nje kulihitaji kibali. Jirani wa kushoto alikuwa Mrundi na mkimbizi, na wa kulia vilevile. Watu walilima, wakavuna ziada, wakauza. Tusiipuuze neema hiyo: Tanzania iliwapa wageni ardhi wakati nchi nyingi zilikuwa zikiwapa mahema, na Mwalimu Nyerere alipopewa nishani ya Nansen ya huduma kwa wakimbizi mwaka 1983, alistahili. Lakini ndani ya makazi hayo Malkki alikuta kitu kingine kikimea pamoja na mahindi. Alikuta historia moja ikisimuliwa karibu kwa namna ileile kutoka kinywa kimoja hadi kingine: tulikuwa nani, tulidanganywaje, tuliuawaje, na kwa nini mateso haya ya ugenini ni njia ya kurudi nyumbani tukiwa taifa lililotakasika. Watoto ambao hawakuwahi kuiona Burundi waliijua historia hiyo. Ukimbizi ulikuwa umegeuka kuwa cheo cha heshima. Aliyetajirika mno au kuoa kwa wenyeji alitazamwa kama mtu aliyeanza kusahau.

Kigoma mjini mambo yalikuwa kinyume. Wakimbizi hawakupenda kuitwa wakimbizi. Mtu huyohuyo aliweza kujitambulisha leo kama Mha na kesho kama Muislamu wa Ujiji, na siku nyingine kama mtu wa Kigoma tu. Kirundi na Kiha husikilizana, kwa hiyo kupita kama mwenyeji hakukuwa kazi ngumu. Hadithi ya mwaka 1972 walikuwa nayo, ila hawakuitanguliza. Wenzao wa Mishamo waliwaona wamepotea, na wao wakaona wenzao wamejifunga.

Kwa miaka mingi saikolojia ya uhamiaji ilitafuta chanzo cha tofauti kama hizi ndani ya mhamiaji. Mwaka 1932 daktari wa akili wa Norway, Ørnulv Ødegaard, aligundua kwamba Wanorwe waliohamia Minnesota nchini Marekani walilazwa kwa ugonjwa wa skizofrenia kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wenzao waliobaki nyumbani. Maelezo yake yalikuwa mepesi: wenye mwelekeo wa kuugua ndio wanaopenda kuondoka. Dhana hiyo ilidumu muda mrefu, na bado naisikia ikizunguka mitaani kwa maneno mengine, pale mtu anaposema kuwa aliyeacha kwao lazima ana kasoro. Ushahidi wa baadaye umeikataa. Suriname ilipopata uhuru mwaka 1975, sehemu kubwa sana ya watu wake ilihamia Uholanzi, kiasi kwamba haiwezekani kusema ni wachache wenye matatizo waliojichuja wakaondoka. Bado hatari ya ugonjwa ilipanda. Mwaka 2005 watafiti Elizabeth Cantor-Graae na Jean-Paul Selten walijumlisha tafiti nyingi na kukuta hatari ya skizofrenia kwa wahamiaji ikiwa takriban mara 2.7 ya wenyeji, na kwa watoto wao ikifika mara 4.5. Watoto hao hawakuhama kokote. Walizaliwa palepale, wakakua wakiangaliwa kama watu wasiofaa kuwa pale. Kwa kila mmoja hatari yenyewe inabaki ndogo, na wengi mno hawaugui kamwe, lakini mwelekeo wa takwimu hizo unatutaka tuitazame jamii inayopokea kabla ya kumtilia shaka anayekuja.

Msomi anayetajwa zaidi katika uwanja huu ni John Berry wa Kanada. Anasema mtu anayeingia katika jamii ngeni hukabiliwa na maswali mawili: je, nishike utamaduni wangu, na je, nishirikiane na hawa niliowakuta? Akijibu ndiyo kwa yote mawili, amechangamana. Akiacha vyake na kufuata vya wenyeji, amemezwa. Akishika vyake na kuwakwepa wenyeji, amejitenga. Akikosa vyote viwili, ameachwa pembeni, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Mwaka 2006 Berry na wenzake walichapisha utafiti wa vijana wahamiaji zaidi ya 5,000 katika nchi 13, na waliochangamana ndio walioonekana kutulia vizuri zaidi kimaisha na kinafsi. Matokeo hayo yanawatia moyo wote waliolelewa kwa onyo kwamba mwacha asili ni mtumwa, kwa kuwa yanaonyesha kwamba kumpenda jirani mpya hakumlazimishi mtu kumkana bibi yake.

Lakini ukiipeleka nadharia hiyo Mishamo, inakwama mahali. Maswali ya Berry yanamhusu mtu mwenye nafasi ya kuchagua. Mkimbizi wa Mishamo angechangamana na nani, wakati wenyeji walikuwa mbali na kibali kilikuwa mkononi mwa mkuu wa makazi? Kujitenga kwake kulianza kama mpango wa serikali kabla hakujawa msimamo wa moyo. Berry mwenyewe amekiri kwamba kuchangamana kunawezekana pale tu jamii pokezi inapofungua mlango. Mimi nakwenda mbali zaidi. Naamini kinachoitwa hulka ya wahamiaji, yaani kujifungia kwao, kutoaminika kwao na kung'ang'ania ya zamani, mara nyingi ni sheria na taratibu za mwenyeji zilizokwisha kuingia moyoni mwa mgeni.

Hapo msomaji anaweza kusema: basi Kigoma ndiyo jibu, waacheni watu wajichanganye wenyewe. Jambo si rahisi hivyo, na anayetuonyesha ugumu wake ni Marc Sommers, aliyewafuatilia vijana wa Kirundi jijini Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuandika kitabu Fear in Bongoland mwaka 2001. Vijana hao walikuwa watoto wa makazi, waliotoroka bila kibali na kwenda kujifunza ushonaji jijini. Walifanya kazi kwenye vibanda vya mafundi cherehani, wengine wakilala humohumo usiku, na kwa watu walikuwa ni Waha wa Kigoma.

Mtazame kijana wa aina hiyo akiwa kibarazani, mguu kwenye pedali, suruali ya mteja chini ya sindano. Mteja anakaa kwenye benchi kusubiri, na kama ilivyo desturi yetu anaanzisha mazungumzo. "Fundi, kwenu wapi?" "Kigoma, mzee." "Kigoma sehemu gani? Kasulu au Kibondo?" Kwetu hayo ni maneno ya ukarimu. Ndivyo tunavyotafuta utani na watu tunaofahamiana, ndivyo tunavyomweka mgeni katika ramani ya undugu. Kwa kijana huyu ni mahojiano. Kila jibu linazaa swali jingine, na swali la tatu linaweza kumtaka ataje kijiji, shule au mwenyekiti ambaye hamjui. Anainama, anakanyaga pedali kwa nguvu, mlio wa cherehani unafunika mazungumzo.

Kwa vipimo vya nje kijana huyo alikuwa amechangamana kuliko wote. Alijua Kiswahili cha mjini, alikuwa na kazi, wateja na kanisa. Sommers alikuta ndani yake hofu isiyolala, na hofu hiyo haikuwa ya polisi peke yake. Nyingine aliirithi kwa wazazi waliomfundisha kwamba adui yuko kila mahali, na nyingine ilikuwa ya wakimbizi wenzake, kwa sababu waliotoka mwambao wa ziwa kule Burundi na waliotoka milimani walikuwa na mafarakano yao wenyewe. Mtu anayekubaliwa kwa sharti la kujificha hajakubaliwa yeye. Amekubaliwa yule mwingine aliyemtunga, naye hubaki nyuma akimlinda mchana kutwa ili asiumbuke. Kazi hiyo inachosha akili kwa namna ambayo mshahara hauilipi.

Kwa hiyo Mishamo ilimpa mtu jina lake na kumnyima njia. Kigoma na Dar es Salaam zilimpa njia na kumnyima jina. Suala zima la utangamano, kwa maoni yangu, limo katika pengo hilo: ni lini mgeni anaweza kutembea huku akijulikana ni nani?

Kuna kosa linalofanywa na wenye nia njema, nalo ni kudhani kwamba wageni wakiishi pamoja ni dalili ya kushindwa kuchangamana. Katika jiji la The Hague, Uholanzi, Wim Veling na wenzake walichunguza wahamiaji na watoto wao kwa kulinganisha mitaa, na mwaka 2008 wakaripoti kwamba hatari ya skizofrenia ilipanda hasa kwa wale waliokaa mitaa yenye watu wachache wa asili yao. Waliokaa karibu na wenzao walikuwa na kinga. Tafiti za Uingereza nazo zimegusa jambo hilohilo. Anayebaguliwa kazini au kudharauliwa ndani ya basi anahitaji mahali pa kurudi jioni, ambapo mtu atamwamkia kwa jina la baba yake. Ndiyo maana siwezi kuidharau ile historia ya Mishamo, pamoja na ukali wake na hatari ya chuki iliyobeba. Iliwapa watu waliovunjwa sababu ya kuamka asubuhi.

Serikali ya Tanzania iliingia katika kosa hilo katikati ya tendo lake kubwa kabisa la ukarimu. Mwaka 2007, kwa makubaliano na Burundi na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa (UNHCR), wakimbizi wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliulizwa wanataka nini. Walikuwa takriban 218,000 pamoja na watoto na wajukuu waliozaliwa nchini. Takriban mmoja kati ya watano alichagua kurudi Burundi, na wanne waliobaki wakaomba uraia. Mwaka 2010 zaidi ya 162,000 walikuwa wamekubaliwa. Ni nchi chache duniani zilizowahi kufanya hivyo kwa wakimbizi kwa mkupuo mmoja. Lakini uraia ulikuja na sharti: makazi yangefungwa, na raia wapya wangetawanywa katika mikoa mbalimbali, ili wachangamane. Vyeti vikazuiwa hadi wahame.

Tafakari maana yake kwa mzee wa Katumba. Aliikuta pori mwaka 1973, akaifyeka, akajenga, akazika wazazi wake pale. Ameukana uraia wa Burundi kama utaratibu ulivyotaka, na cheti cha Tanzania hajapewa. Mkoa anaoambiwa aende hana hata mtu mmoja anayemjua. Je, apande miembe? Abadilishe bati linalovuja? Mtoto aendelee na shule hapa au asubiri ya huko? Hakuna kipigo katika hali hiyo, na msaada wa kibinadamu hauna fungu lake, lakini inamla mtu. Utafiti wa Cornelis Laban kuhusu Wairaki walioomba hifadhi Uholanzi, uliotoka mwaka 2004, ulikuta matatizo ya akili kwa asilimia 42 ya waliokuwa wamekaa chini ya miezi sita, na asilimia 66 ya waliokuwa wamesubiri zaidi ya miaka miwili. Vita waliyoikimbia ilikuwa ileile. Kilichoongezeka kilikuwa kusubiri.

Hatimaye mpango wa kutawanya uliachwa, na Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete akaanza kugawa vyeti. Watu walibaki katika vijiji vyao, sasa wakiwa raia. Naona uamuzi huo wa pili una hekima kuliko wa kwanza, ingawa ulichelewa na kuwagharimu watu miaka ambayo hairudi. Raia aliye na majirani wake, kanisa lake na makaburi yake ana pa kusimama anapowaendea wengine.

Wenyeji nao wana nafsi, na nyingi ya nasaha kuhusu wahamiaji huwasahau. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Wenyeji waligawana nao chakula mwanzoni. Baadaye miti ikaisha, mazao yakaibiwa mashambani, bei zikayumba, huku mwanakijiji akiona zahanati ya kambini ina dawa na yake haina. Uchunguzi wa Beth Whitaker katika mikoa ya magharibi ulionyesha kwamba mambo hayakuwa mabaya kwa kila mtu: mwenye mtaji au shamba kubwa alipata soko na vibarua, na maskini akabanwa zaidi. Uchungu wa mwenyeji, basi, mara nyingi ni hisia ya kutotendewa haki na wala si chuki ya kabila. Tangu mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kwamba kukutana kwa makundi hupunguza chuki pale watu wanapokutana wakiwa na hadhi sawa, wakifanya kazi moja, na wakubwa wakiunga mkono. Foleni ya mgao upande mmoja wa uzio na jirani mwenye njaa upande wa pili ni kukutana kwa aina ambayo Allport hakuipendekeza. Soko la pamoja, ambapo Mha anauza ndizi na Mkongo anauza vitenge, linakaribia sana alichokisema. Ndiyo maana nilisikitika masoko ya aina hiyo yalipofungwa katika kambi za Kigoma.

Hapo tumefika Nyarugusu. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 wimbi jingine la Warundi likaongezwa humo. Wakazi wake hawaruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita nne nje ya kambi bila kibali. Watoto wa Katumba walisoma kwa mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili, na shule ikawaambia kila asubuhi kwamba kesho yao iko hapa. Watoto wa Nyarugusu wamekuwa wakisoma mitaala ya Kongo na Burundi. Nia inaeleweka, kwamba wasipate taabu siku ya kurudi, nayo haikosi msingi: waliorudi Burundi mwaka 2008 walikuta watoto wao wenye Kiswahili wakiingizwa katika shule za Kifaransa, na ardhi zao za Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa mikononi mwa wengine. Lakini mtoto aliyezaliwa kambini mwaka 1997 sasa ana watoto wake. Vizazi viwili vimefundishwa kujiandaa kwa mahali ambapo hawajawahi kupaona, na kutoshika mizizi mahali pekee wanapopajua.

Maelfu wengine walipelekwa Marekani kutoka kambi hizi, na huko mambo hugeuka kwa njia nyingine. Mtoto hushika Kiingereza kabla ya wazazi, akawa mkalimani kwa daktari, benki na hata shuleni kwake mwenyewe, akimweleza baba kile mwalimu alichosema juu ya utoro wake. Baba aliyewalinda watu porini anamwuliza mwanawe wa miaka 12 aweke sahihi wapi. Heshima ya mzazi hupungua mbele ya mtoto bila mtu yeyote kukusudia. Hata hivyo familia hiyo ina kitu ambacho Nyarugusu haina: inajua kwamba mwaka ujao itakuwapo palepale.

Hoja ya wanaotetea uzio naijua, na inastahili kujibiwa: wageni wakistareheshwa hawatarudi kwao. Mwaka 2005 watafiti Matthew Porter na Nick Haslam walijumlisha tafiti 56 za wakimbizi kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Walikuta kwamba hali ya akili ilikuwa mbaya zaidi kwa waliowekwa katika makazi ya taasisi, kwa walionyimwa nafasi ya kujipatia kipato, na pia kwa waliorudishwa katika nchi walizozikimbia. Uzio, basi, haumwandai mtu kwa safari ya kurudi. Humpeleka huko akiwa amekwisha kudhoofika. Na kama ni mfano wa hapa nyumbani, tunao. Mwaka 2007, baada ya miaka 35, wenye mashamba, nyumba na visima vyao katika makazi ya kale waliulizwa bila kusukumwa, na watu wapatao 46,000 wakachagua Burundi. Walikuwa na cha kupoteza, na bado walikwenda. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: wale walikuwa wamepewa jembe, na mwenye jembe aliweza kupima kwa utulivu aendelee kulima hapa au akalime kwao. Mkazi wa Nyarugusu bado hajapewa nafasi ya kupima hivyo, na kumpa hakudai hata uraia kwa kuanzia. Kunadai kilomita hizo nne zipanuliwe, soko lifunguliwe lisifungwe tena, na Kiswahili kifundishwe darasani kando ya mtaala wa kwao. Uganda imewapa wakimbizi vipande vya ardhi na uhuru wa kutembea chini ya sheria yake ya mwaka 2006, ikiwa na idadi ya wakimbizi kubwa mara kadhaa kuliko yetu.